Nyumba ya Manamba: Namna ya Kuisoma Kabla ya Kuibomoa

Kila masika yanapokaribia, swali moja hurudi katika kata zilizozungukwa na mashamba ya mkonge kati ya Pangani, Muheza na Korogwe: nyumba ya zamani ya kambini ikarabatiwe au ibomolewe? Mara nyingi jibu hutolewa kwa haraka. Ukuta umepasuka, udongo umemeguka pembeni, basi nyumba inahukumiwa kuwa imekwisha. Nyingine, ambayo kwa nje inang'aa kwa lipu ya saruji, huachwa kwa kudhaniwa kuwa ni nzima, kisha huanguka usiku wa mvua watu wakiwa wamelala.

Kosa katika hali zote mbili ni moja. Nyumba imetazamwa usoni bila kujulikana ilivyojengwa. Somo hili linaeleza ujenzi wa nyumba ya mfanyakazi wa mkonge, kuanzia nguzo hadi paa, ili mkazi aweze kutambua mwenyewe palipo na hatari na pasipo na hatari.

Historia ya nyumba hizi haitengani na historia ya zao lenyewe. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyeitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miche ilitoka Florida kwa njia ya Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata njia hiyo. Mkonge hukatwa kwa mkono, jani kwa jani, kisha majani hupelekwa korona kusagwa ili kutoa katani. Kazi hiyo ilihitaji watu wengi kuliko waliopatikana jirani. Wakatoka Unyamwezi, Ubena, Songea na Kigoma. Wakatoka Rwanda na Urundi. Na Wamakonde wakavuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji.

Aliyeandikishwa kwa mkataba alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wote wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri kilichojulikana kwa jina la SILABU. Asiye na mkataba alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ambayo ilipojaa ndipo mshahara ulipolipwa. Wote hao walihitaji mahali pa kulala. Idara ya Kazi ilianzishwa mwaka 1926, Meja Orde Browne akiwa mkuu wake, na miongoni mwa mambo iliyoyafuatilia ni hali ya makambi. Mwaka 1931 ikafungwa kwa sababu ya kubana matumizi. Si ajabu basi kwamba ubora wa nyumba ulitofautiana sana kati ya shamba na shamba.

Nyumba za mwanzo zilikuwa za miti na udongo, na mara nyingi mjenzi alikuwa mfanyakazi mwenyewe. Mtu wa kutoka mbali alijenga kwa ujuzi alioutoka nao kwao, lakini kwa vifaa alivyovikuta hapa. Kwa sababu hiyo nyumba ya kambini ikawa inafanana sana na nyumba ya mwenyeji wa pwani, ikiwa imepunguzwa vyumba na kuondolewa mapambo.

Mifupa ya nyumba

Jambo la kwanza la kufahamu, na ndilo msingi wa somo lote, ni kwamba katika nyumba ya miti na udongo ukuta haubebi paa. Paa hubebwa na nguzo. Udongo ni nyama iliyojazwa katikati ya mifupa.

Ujenzi huanza kwa kuchimbia nguzo kiasi cha futi mbili ardhini. Nguzo za pembe na za kuta huwa na urefu mmoja. Za kati, ambazo ni ndefu zaidi, huchaguliwa zile zenye panda juu ili zishike mwamba, yaani mti wa mgongo wa nyumba unaolala kileleni mwa paa. Karibu na bahari nguzo bora ni za mikoko. Bara zaidi hutumika miti migumu ya porini. Wajenzi waangalifu huunguza kidogo miguu ya nguzo kwa moto kabla ya kuichimbia, kwa maana mchwa hawapendi kutafuna makaa.

Juu ya nguzo za ukuta hulazwa mti unaozunguka nyumba, unaoitwa mtambaa panya, jina linalosema ukweli ambao kila aliyewahi kulala chini yake anaujua. Kutoka kwenye mwamba hadi kwenye mtambaa panya hutelemshwa makombamoyo, yaani miti mirefu myembamba inayobeba paa, na juu yake hufungwa pau kwa kukingamana. Misumari haikuwa ya lazima. Vifungo vilikuwa kamba za makumbi au za ukindu, na katika mashamba haya, bila shaka, kamba za mkonge wenyewe.

Mifupa ikishasimama, paa huezekwa kabla udongo haujaguswa. Mgeni wa ujenzi huu hushangaa kuona nyumba yenye paa lakini isiyo na kuta, lakini utaratibu huo una hekima yake: udongo mbichi unahitaji kukauka polepole kivulini, na mvua ya ghafla ikiukuta bila kifuniko, kazi ya wiki nzima huyeyuka kwa saa moja.

Baada ya kuezeka, fito hufungwa kwa kulala upande wa ndani na upande wa nje wa nguzo, zikiacha nafasi katikati. Nafasi hiyo ndiyo hujazwa udongo na mawe. Udongo unaopendwa ni wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshauchagua na kuuchambua. Hukanyagwa kwa miguu pamoja na maji, huachwa ulale, kisha hukandikwa kwa mikono kutoka pande zote mbili mpaka fito zifunikwe. Mkono wa kwanza wa udongo hupasuka unapokauka. Mkono wa pili huziba nyufa hizo. Wa mwisho ni wa kusiriba, kwa udongo laini uliochanganywa na mchanga, au kwa chokaa pale inapopatikana.

Kutokana na maelezo hayo mkazi anaweza kuanza kuusoma ukuta wake. Nyufa nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui ni alama ya udongo uliokauka. Hazipendezi, lakini hazitishi. Ukuta uliofura kama tumbo ni jambo jingine: udongo umeachana na fito, na sehemu hiyo haina budi kubomolewa na kukandikwa upya. Hatari iliyo kubwa kuliko zote haionekani kabisa, kwa sababu iko chini. Ni mguu wa nguzo uliooza mahali pale unapoingia ardhini, ambapo maji na mchwa hukutana.

Njia ya kuutambua ni rahisi. Mkazi afukue kidogo udongo kwenye mguu wa nguzo ya pembe, kiasi cha kiganja, achukue kisu na kukichomeka kwenye mti. Kisu kikigoma, nguzo ni nzima. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo imekufa, na paa la upande huo linashikiliwa na mazoea tu. Kipimo hicho kirudiwe katika kila pembe, na kwenye nguzo zilizo karibu na mahali yanapomwagwa maji ya kuoga na kuosha vyombo, maana huko ndiko kuoza huanzia.

Nguzo moja ikioza, nyumba haijafa. Mtambaa panya huegemezwa kwa mti wa muda, nguzo iliyooza hukatwa, na mpya huchimbiwa mahali pake au ubavuni pake. Kanuni ni kubadilisha moja, kuijazia na kuishindilia vizuri, ndipo kwenda kwa inayofuata. Wanaong'oa mbili kwa pamoja ili kuharakisha kazi huiharakisha kweli: nyumba hulala chini siku hiyohiyo.

Kofia na viatu

Udongo mkavu ni jengo imara sana. Adui yake ni maji, na nyumba ya zamani ilijilinda dhidi yake kwa vitu viwili: paa lililotoka nje ya ukuta, na kitako kilichoinuka juu ya uwanja.

Paa la kwanza la nyumba hizi lilikuwa la nyasi au makuti. Makuti ya viungo, yaliyoshonwa juu ya ufito, hudumu zaidi ya makuti ya kumba yaliyosukwa. Lakini yote hutaka mteremko mkali ili maji yasipate muda wa kupenya. Mteremko huo ukiendelezwa nje ya ukuta hufanya upenu mpana ulio chini, na upenu huo ndio uliokuwa mwavuli wa ukuta. Mvua ilidondoka mbali na udongo.

Kisha likaja bati. Ni kifaa chema: haliungui upesi, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji yake ya mvua yanaweza kukingwa kwa matumizi. Lakini bati hununuliwa kwa fedha, na mahali pa kwanza pa kubana matumizi pamekuwa upenu. Nyumba nyingi zilizobadilishwa kutoka makuti kwenda bati zimebakiwa na upenu usiofika hata kiganja. Ukuta uleule uliosimama miaka mingi sasa hupigwa na mvua moja kwa moja, na maji yanayotiririka kutoka kwenye bati huchimba mfereji mguuni mwake. Wenye nyumba husema udongo wa zamani umechoka. Udongo haujachoka. Umevuliwa kofia. Anayeezeka kwa bati aache upenu usiopungua futi mbili, na kama fedha haitoshi, ni afadhali kupunguza chumba kuliko kupunguza upenu.

Kuhusu kitako, yapo mazoea mema yenye gharama isiyotajwa. Uwanja hufagiliwa kila alfajiri, na kila ufagio huondoka na vumbi kidogo. Kwa miaka mingi uwanja hushuka, huku nyumba ikibaki palepale, mpaka miguu ya nguzo inaanza kuchungulia. Katika baadhi ya makambi mtu anaweza kukisia umri wa nyumba kwa kutazama ngazi zilizoongezwa mlangoni. Dawa yake si kuacha kufagia. Ni kurudisha udongo na mawe kuzunguka nyumba, kuushindilia kwa mteremko unaokwenda nje, na kuchimba mfereji mdogo wa kuongoza maji mbali.

Hapa ndipo inapobidi kusema wazi juu ya saruji. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ni matengenezo yanayofanyika sana na yanayoharibu sana. Udongo hunyonya unyevu na kuutoa, huvimba kidogo na kunywea kidogo kwa kufuata majira. Saruji haifanyi hivyo. Baada ya muda lipu hupata ufa mwembamba, maji huingia, na yakishaingia hayana pa kutokea. Nyuma ya uso ule mgumu udongo hugeuka uji. Siku moja lipu hudondoka kwa bamba zima, au ukuta hushuka pamoja nayo, bila ya kuwa umetoa dalili yoyote. Ukuta wa udongo unaoonekana kuchakaa humwonya mkazi wake mapema. Uliovishwa saruji hunyamaza mpaka mwisho. Kwa anayetaka ukuta mweupe na mgumu, chokaa na mchanga hufaa zaidi, kwa sababu huruhusu ukuta kupumua. Sakafu ni jambo jingine, na ndipo saruji ina nafasi yake halali. Papasi, ambao huuma usiku na kueneza homa ya papasi, hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na sakafu ngumu isiyo na nyufa huwanyima maficho.

Upo pia uwazi kati ya ukuta na paa. Zamani moshi wa mafiga ulipitia hapo, ukikausha makuti na kufukuza wadudu wanaotoboa miti, ingawa uliumiza mapafu ya waliokuwa ndani. Mapishi yamehamia nje, na hilo ni jema; lakini uwazi umebaki, na ndio mlango mkuu wa mbu waenezao malaria. Kuuziba wote kwa udongo hufanya chumba cha bati kiwe tanuri. Wavu uliokazwa vizuri huzuia mbu na kuacha hewa ipite.

Nyumba za safu

Baadaye, na zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, mashamba mengi yalianza kujenga nyumba za kudumu: safu ndefu za vyumba chini ya paa moja, kwa matofali ya kuchoma au ya saruji. Kwa uimara zilizidi zile za udongo. Kwa ubinadamu, jambo hilo linajadilika. Mkazi wa safu mojawapo anaweza kupima chumba chake kwa hatua. Mara nyingi hatua tatu au nne humfikisha ukutani. Ni kipimo cha mwanamume mmoja na mkeka wake, au wanaume wawili. Mke hakupigiwa hesabu, wala mtoto. Katika safu nyingi kuta za kutenganisha vyumba ziliishia kwenye usawa wa mtambaa panya bila kufika kwenye bati, hivyo kikohozi cha chumba cha kwanza kilisikika hadi cha mwisho. Milango yote ilitazama uwanja mmoja, na haikuwa vigumu kwa mnyapara kuona alfajiri ni upi haujafunguliwa.

Lakini wake walikuja, na watoto walizaliwa. Yeyote atakayezunguka nyuma ya safu ataona jinsi wakazi walivyoijibu ramani ile. Yapo majiko ya miti na udongo, yaliyojengwa kwa fito na milingoti ya mkonge iliyokwisha kuchanua. Zipo nyua zilizozungushiwa makuti, mahali pa kuogea, mabanda ya kuku. Mbele ya milango zimeongezwa baraza ambazo hazikuwamo katika mchoro wa mwenye shamba, na ndipo watu waliotoka sehemu mbalimbali walipokaa jioni na kuzungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyowakutanisha. Kwa macho ya ujenzi, mwajiri alijenga chumba. Nyumba ilijengwa na mfanyakazi. Inasikitisha kwamba kambi inapokarabatiwa, vitu hivyo vya nyuma ndivyo huondolewa kwanza kwa kuitwa uchafu.

Kasoro za safu hizi ni tofauti na za nyumba ya udongo. Hapa ukuta ndio unaobeba paa, kwa hiyo ufa mpana unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango hauna budi kuonwa na fundi, kwani huashiria msingi ulioshuka. Mkazi anaweza kuupima kwa kuchora alama ya penseli pande zote mbili za ufa na kuandika tarehe. Ikiwa baada ya masika alama zimeachana, ardhi bado inaenda. Na mahali paa lilipoezekwa kwa shiti za zamani za saruji yenye asbesto, zisikatwe, zisitobolewe wala kusuguliwa kwa brashi, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

Kabla ya kubomoa

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa, na katika miaka ya 1990 mengi yalibinafsishwa. Katika mabadiliko hayo kambi moja ilibaki mali ya shamba, nyingine ikawa kitongoji. Kuishi katika nyumba kwa miaka mingi hakumaanishi kwamba kiwanja kimekwisha kumilikishwa, na wapo waliotumia akiba yao yote kujenga upya mahali ambapo baadaye walitakiwa kuondoka. Kwa hiyo swali la umiliki litangulie swali la tofali. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata, ambaye humwelekeza mkazi kwa watumishi wa ardhi na ujenzi wa Halmashauri.

Wengine hudhani kwamba nyumba hizi, kwa ukongwe wake, zimelindwa na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mkonge wenyewe uliingia nchini miaka 30 baada ya hapo. Bila kutangazwa rasmi, kambi haina mlinzi isipokuwa wanaoishi ndani yake.

Palipoamuliwa kwamba nyumba itaondoka, kazi ya siku moja inatosha kuokoa kumbukumbu yake. Ipigwe picha mbele, nyuma na ndani ya paa. Vyumba vipimwe na kuchorwa kwenye karatasi, pamoja na jiko na baraza. Wazee waulizwe nani alilala chumba kipi, alitoka wapi, na ni nani aliyejenga jiko la nyuma, majibu yaandikwe. Miti iliyo mizima itengwe, kwani boriti ya mkoko iliyokaa kavu miaka 50 ni bora kuliko mti mbichi wa sokoni.

Palipoamuliwa kukarabati, kazi ya udongo ingoje masika yaishe. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa: udongo hupata muda wa kukauka polepole, mkono kwa mkono, kabla ya mvua za vuli. Wakati huu wa sasa, kabla ya mvua, ni wa kukagua miguu ya nguzo, kurefusha upenu na kufungua mifereji. Na shimo la kuchimbia udongo liwe mbali na nyumba, kisha lifukiwe kazi inapokwisha, lisije likawa dimbwi la mbu karibu na vyumba vya kulala.